Mlango Unaoitazama Njia ya Kaskazini

Jambo la kwanza Cresensia alilolibaini kwa yule mama ni kwamba alikuwa amelipa bwawa kisogo.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, Julai mwaka 1983, mahali fulani upande wa Enguserosambu. Wajumbe wote wa kamati ya ujenzi walikuwa wameketi ukingoni wakiyatazama maji, kama watu wanavyoyatazama popote pale maji yanapopatikana kwa shida. Bwawa hilo lilichimbwa kwa tingatinga miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo lilikuwa fahari ya kijiji. Mzee Olais, mwenyekiti, alikuwa akinyoosha fimbo yake huku na huku akionyesha mahali ambapo Nyumba ya Utamaduni ingesimama. Mama mmoja tu, mrefu, kichwa kimenyolewa kikang'aa, alikuwa juu ya jiwe lake akitazama upande mwingine kabisa. Macho yake yalikuwa kwenye njia ya vumbi iliyoteremka kutoka kaskazini, kutoka upande wa mpaka wa Kenya.

Cresensia alidhani amekasirika. Hata hivyo alipiga moyo konde, akamsogelea, akamsalimu kwa neno alilofundishwa na dereva njiani.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," aliitikia yule mama bila kugeuka. Kisha akageuka, akamtazama msichana kuanzia viatu hadi nywele. Kiswahili chake alikipata sokoni Loliondo, alikokuwa akiuza maziwa zamani. "Wewe ni Mmbulu."

"Ndiyo, mama. Wa Endabash."

"Umefuata ng'ombe wa babu yako? Tuliwala siku nyingi."

Kamati nzima iliangua kicheko. Cresensia aliona masikio yake yakipata moto, lakini kwao Endabash hakuzoea kutaniwa akanyamaza.

"Nimekuja kujenga, mama. Habari ya ng'ombe tutaimaliza paa likishakaa."

Yule mama alitabasamu kidogo, akageukia tena njia yake. Jina lake lilikuwa Nosim, na kijiji kizima kilikubaliana kwamba hapakuwa na mjenzi aliyemzidi.

*

Cresensia Tluway alikuwa ametoka chuoni Dar es Salaam mwaka huohuo, akiwa na cheti cha usanifu wa majengo na sanduku la vifaa vya kuchorea alilolilinda kama yai. Kazi yake ya kwanza ndiyo hiyo: kusanifu nyumba ya utamaduni wa Wamasai kando ya bwawa, mahali pa kutunzia vitu vya kale, pa kufundishia vijana nyimbo na mila, na pa kukutania watu wa maboma yote wanapoleta mifugo kunywa. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri. Ulikuwa na baraza refu lililotazama maji, na ngazi pana za kuteremkia mpaka ukingoni. Aliuchora kwa wiki mbili, na usiku aliota watu wameketi barazani humo.

Pale bwawani aliutandika mchoro ule chini, akauzuia kwa mawe pembeni, wajumbe wakauinamia. Mzee Olais aliusifu sana. Ngoitiko, mwalimu wa elimu ya watu wazima, aliyekuwa akitafsiri kwa wale wasiojua Kiswahili, aliusifu kwa lugha zote mbili. Nosim aliuzunguka, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye zile ngazi.

"Hapa wanapita nani?"

"Watu, mama. Wanateremka kutazama maji."

"Na ng'ombe?"

Wakati huohuo, kana kwamba walikuwa wameitwa, ng'ombe wa boma moja walitokea juu ya kilima, wakanusa maji, wakaanza kuteremka mbio. Walipita palepale, katikati ya mahali palipokuwa baraza. Wajumbe waliruka huku na huku. Mchoro ulikunjika, ukapaa, na ndama mmoja akaukanyaga.

"Huyo amepitisha," alisema Ngoitiko, na hata Cresensia alijikuta akicheka, ingawa alikuwa akiokota kazi ya wiki mbili yenye alama ya kwato.

Jioni hiyo ndipo Nosim alipomwalika kunywa chai. Hakumwalika nyumbani kwake, kwa sababu hakuwa na nyumba. Alimwalika nyumbani kwa Seenoi, mke mdogo wa marehemu mume wao.

Hilo lilimshangaza sana Cresensia. Kila mtu alimweleza kwamba Mmasai mwanamume hana nyumba. Ana boma, ana ng'ombe, ana lango, lakini nyumba ni ya mke. Mke ndiye aliyeijenga kwa mikono yake, na mume akiingia humo ni mgeni wa kupewa maziwa. Mwanamke bila nyumba ni jambo gumu kulieleza. Sasa iweje mjenzi aliyejengea wenzake nusu ya nyumba za eneo lile alale kwenye kitanda cha mke mwenzake?

"Ananipiga mateke usiku kucha," alisema Seenoi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. Ngoitiko alitafsiri. "Mwambie msichana wa serikali anijengee kitanda cha chuma."

Nosim alijimiminia chai nyingine.

*

Habari za Nosim, Cresensia alizipata vipande vipande, kila siku kidogo, kwa sababu siku zile walikuwa wakizunguka pamoja kutafuta nguzo.

Alizaliwa upande wa Loita, akaolewa na Sironka akiwa bado msichana, akajenga nyumba yake ya kwanza kwa haraka ili wake wa shemeji zake wasimcheke. Ilivuja. Sironka aliketi kitandani akidondokewa, akauliza kwa upole, "Mke wangu, mvua inanyesha nje au ndani?" Alilia kwa aibu. Kesho yake alipanda juu ya paa kabla jua halijachomoza, na tangu siku hiyo hakuna nyumba yake iliyovuja tena. Alijifunza kuchagua fito kwa kuzipinda na kusikiliza. Alijifunza udongo upi unapasuka na upi unashika. Wanawake wa maboma ya mbali walianza kumwita awasaidie. Alikwenda, akajenga, akanywa chai ya mwenye nyumba, akarudi.

Alipata mtoto mmoja tu aliyeishi, binti, Naipanoi. Alipomtaja, sauti yake ilishuka kama mtu anayeingia nyumbani akiinamisha kichwa. Naipanoi aliolewa ng'ambo, upande wa Kenya, kwa ndugu za mama yake, kwa safari ya siku mbili tu kwa miguu. Haikuwa mbali. Mama na binti waliagana kwa utani, wakijua wataonana mvua zikianza.

Mwaka uliofuata, 1977, mpaka ukafungwa.

Wanaume waliendelea kupita vichakani na mifugo yao, wakibahatisha. Wengine walipita salama, wengine walirudi mikono mitupu. Lakini mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mume mwoga hawezi kubahatisha. Salamu zilikuja mara mbili tatu kwa wachungaji, kisha nazo zikakauka. Mara Sironka akafariki. Boma likahama, kama maboma yanavyohama. Siku ya kuhama kila mke alichukua ngozi zake, vibuyu vyake na fito zilizofaa, akaenda kujenga mahali pake, kulia au kushoto kwa lango jipya. Nosim aliwajengea wenzake wote. Mahali pake palibaki patupu.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Cresensia.

Walikuwa msituni, wamekaa kwenye gogo la mti wa loliondo, ule mgumu wa kujengea. Nosim alikwangua gome kwa ukucha.

"Binti akija kwa mama yake anaijua nyumba," alisema. "Hata gizani. Anaingia langoni, anageuka kulia, ya pili. Ile nyumba ya kulia ya pili imekuwa udongo sasa. Nikijenga nyingine mahali asipopajua, nitakuwa namngojea nani?"

Cresensia alielewa hapo kwa nini siku ile aliyapa maji kisogo. Bwawani ndipo njia ya kaskazini ilipoishia. Mtu yeyote anayetoka ng'ambo, awe na ng'ombe au na kiu yake tu, lazima ashukie pale. Wengine walikwenda bwawani kutazama maji, Nosim alikwenda kutazama njia.

Usiku ule alichukua karatasi mpya akageuza nyumba: mlango ukaelekea njia, na upande wa maji akaacha madirisha madogo. Alijiambia kwamba ni kwa sababu ya ng'ombe. Na kweli, kwa ng'ombe pia ilifaa.

*

Kilichofuata kilikuwa tatizo la paa. Mabati hayakupatikana mwaka ule, na saruji nayo ilikuwa ya kusikia redioni. Ofisi iliyomtuma Cresensia ilimshauri atumie vifaa vya mahali. Ni rahisi kusema. Nyumba ya Kimasai ni ya fito zilizopindwa, inamtosha mama na watoto na ndama wachache. Hii ilitakiwa kuingiza watu mia.

Nosim alijaribu. Alizisimika fito ndefu kuliko zote, akazipinda, akazifunga. Kwa muda ilionekana kama itawezekana. Kisha nyumba nzima ikalala chini, polepole, kama ngamia anayepiga magoti.

"Imechoka," alisema Seenoi.

Nosim hakucheka. Aliketi kando, akashika tama. Alikuwa mjenzi maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikumjibu.

Cresensia naye alikuwa na jambo kichwani tangu siku nyingi, lakini aliona haya kulisema. Nyumba ya babu yake, Mzee Tluway, ilikuwa imechimbwa ubavuni mwa kilima. Nyuma yake ulikuwa udongo wa mlima wenyewe. Mbele zilisimama nguzo nene zenye panda, juu ya panda boriti, juu ya boriti fito, na juu ya fito udongo mzito mpaka paa likawa sawa na mteremko, ng'ombe wakawa wanaweza kupita juu wasijue kwamba chini yao kuna watu wanakula. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa kubwa upendavyo, ukiongeza nguzo. Tatizo ni sababu iliyowafanya Wairaqw, hao wanaoitwa Wambulu, kujenga hivyo. Walikuwa wakijificha. Na watu ambao walikuwa wakiwaogopa ni hawahawa Wamasai, waliokuja kuwapora ng'ombe.

Mwishowe alijikaza, akaeleza, akichora chini kwa kijiti. Ngoitiko alitafsiri kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba kitu cha moto.

Nosim aliutazama mchoro wa vumbini kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mlikuwa humo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Baba yangu alitusimulia. Alisema walifika kwenye kilima cha Wambulu, wakaona moshi unatoka kwenye nyasi, nyumba hakuna. Walipita juu, wakarudi, wakapita tena. Alisema Wambulu ni wachawi, wanapika chakula ndani ya ardhi."

"Babu alitusimulia pia," alisema Cresensia. "Alisema alikuwa mdogo, na mama yake amemziba mdomo, na juu wanasikia miguu. Vumbi likawa linadondoka kwenye uji."

"Na uji mliunywa?"

"Waliunywa, mama. Ungemwagwaje?"

Nosim alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Seenoi alipotafsiriwa alipiga kelele za furaha hadi ndege wakaruka majini. Hata Mzee Olais alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Sasa tutaingia wenyewe kwa mlango," alisema Nosim akisimama. "Chora vizuri, mwanangu. Nguzo ngapi?"

Walichimba Agosti yote. Vijana walichimba wakiimba, wakitaniana kwamba wanatafuta ng'ombe waliofichwa na Wambulu. Nguzo za loliondo zilisimamishwa, panda zikakaa sawa, boriti zikalala. Cresensia alionyesha namna ya kuchimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji ya mlima yazunguke yasiingie, na Nosim akaonyesha namna ya kufuma kuta za mbele kwa fito, zikiwa na kona ya mlangoni inayozuia upepo. Kufikia mwanzoni mwa Oktoba nyumba ilisimama, kubwa, nusu ndani ya ardhi, nusu inachungulia njia. Ilibaki kuta kusilibwa kwa samadi. Na mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika upande wa mashariki. Mvua ikizikuta kuta zile tupu, ingeingia na kulainisha udongo wa paa, na kazi yote ingerudi kilimani ilikotoka.

*

Siku ya kusiliba walikuja wanawake wa maboma yote. Walikuja na samadi mbichi, na majivu, na nyimbo. Walifika mlangoni, wakasimama. Seenoi, aliyekuwa mbele, aliweka mzigo wake chini.

"Nyumba ya nani?" aliuliza.

Mzee Olais alishangaa. "Nyumba ya kijiji."

"Kijiji kimeolewa lini?"

Wanawake walicheka, lakini hakuna aliyeingiza mkono kwenye samadi. Mzee Olais alieleza tena, kwa subira, kwamba nyumba hii ni ya utamaduni, ni ya watu wote. Seenoi alisikiliza hadi mwisho.

"Baba, mimi nikisiliba nyumba, ninamsilibia mwanamke. Kesho yake atanisilibia mimi. Leo atanichemshia chai. Hawa watu wote unaowasema, chai yao iko wapi? Sufuria lao liko wapi? Jiko lenyewe liko wapi?"

Ngoitiko alimtafsiria Cresensia. Kwenye mchoro wake hapakuwa na jiko. Hakulisahau. Aliliondoa makusudi, akiogopa moto katika ukumbi wa watu wengi. Na kamati nzima, pamoja na Nosim, iliupitisha mchoro bila kuliuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani wenzake wanajua nyumba hiyo ni ya nani.

"Basi iwe ya mke wangu mkubwa," alisema Mzee Olais, akitaka mambo yaishe.

"Anayo yake!" walijibu wanawake kwa pamoja. "Mwanamke gani ana nyumba mbili? Labda na waume wawili!"

Mke mkubwa wa mwenyekiti ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha kicheko kikaisha, upepo ukavuma ukaleta harufu ya mvua. Wanawake wakaanza kuketi chini, mmoja mmoja, na mwanamke wa Kimasai akiketi chini karibu na kazi, kazi hiyo imelala.

Cresensia alitazama kuta, akatazama mbingu. Miezi yake yote ilikuwa pale, imesimama uchi.

"Yupo hapa mwanamke asiye na nyumba," alisema Seenoi. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Analala kitandani kwangu."

Watu wote walijua ni nani, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Nilishasema," alijibu Nosim. "Mimi nimemaliza habari ya nyumba."

"Ulisema. Nami nimenyamaza miaka minne. Leo nitasema." Seenoi alimsogelea mke mwenzake, akasimama mbele yake. "Naipanoi akija, ataanzia wapi? Atashuka njia hii. Atafika hapa bwawani akiwa na kiu, na mtoto mgongoni. Atauliza, nyumba ya mama yangu iko wapi? Mimi nitamwonyesha nini? Nitamwonyesha nusu ya kitanda changu?"

"Haji," alisema Nosim.

"Kama haji, mbona unakaa kwenye jiwe?"

Nosim alisimama. Aliondoka taratibu akapanda njia, hatua kwa hatua, mpaka watu wakadhani anaondoka kabisa. Juu kidogo alisimama. Akageuka. Cresensia alimwona akiitazama nyumba kutoka pale, kama angeitazama mtu anayetoka kaskazini. Kutoka pale hukuona bwawa kwanza. Uliona mlango. Ulikuwa umekaa sawasawa mbele ya njia, na njia ikaishia humo kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili hiyo.

Alimtazama Cresensia. "Mlango huu uliuweka wewe?"

"Ndiyo, mama. Ni kwa sababu ya ng'ombe," alisema Cresensia, na sauti ikamsaliti.

"Ng'ombe," alisema Nosim.

Aliteremka. Aliinama kwenye mzigo wa Seenoi, akachota samadi kwa mikono miwili, akaichanganya na majivu, akaibandika kwenye mwimo wa mlango, akailainisha kwa kiganja mpaka ikang'aa. Alama ya vidole vyake ikabaki pale.

Kisha mwanamke mmoja nyuma kabisa akapaza sauti:

"Ng'oto Naipanoi! Chai yetu iko wapi?"

Mama Naipanoi. Kwa Wamasai mama huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini kwa miaka ile watu waliogopa kumwita hivyo wasije wakamtonesha kidonda. Nosim alisimama akiwa ameinua mikono yenye samadi, machozi yakamtiririka asiweze kuyafuta.

"Haijachemka," alisema. "Kwani mmefanya kazi gani?"

Vigelegele vikalipuka. Wanawake wote waliinuka kwa mkupuo, na kufikia jioni ukuta wa mbele ulikuwa umesilibwa wote. Mvua ilinyesha siku tatu baadaye. Maji yalizunguka kwenye mfereji kama yalivyoagizwa. Ndani hapakudondoka tone.

*

Jiko lilichorwa upya, mkono wa kushoto ukiingia, mbali na nguzo, na juu yake tundu la moshi. Nosim alichagua mawe matatu mwenyewe. Wazee waliwasha moto wa kwanza kwa kupekecha vijiti, kama moto wa boma jipya unavyowashwa, na Cresensia akaomba kuongezewa siku ili awepo. Vibuyu vya kale, ngao na mapambo viliwekwa kwenye ukuta wa nyuma, ule wa udongo wa kilima, penye ubaridi. Nosim alihamia na ngozi yake moja na sufuria la kuazima. Seenoi alidai kwamba sasa hapati usingizi kwa kukosa mateke.

Katikati ya Novemba redio ilitangaza kwamba mpaka unafunguliwa. Ngoitiko alikuja mbio kutoka shuleni, redio begani, betri zimekaribia kuisha, akaongeza sauti mpaka mwisho pale mlangoni. Tangazo lilirudiwa. Wazee waliliuliza tena na tena, kana kwamba redio ingebadili mawazo. Nosim alikuwa akikoroga chai, akaendelea kukoroga. Ilipomwagika ndipo alipoacha.

Salamu zilipelekwa na Kaika, mfanyabiashara wa punda aliyezijua njia zote. Alifundishwa maneno akayarudia mpaka akayashika: baba yako hayupo tena, boma limehama, mama yako ana nyumba bwawani.

Alirudi punda wakiwa wamelowa mvua. Nosim alimwona akiwa bado mbali, lakini hakumkimbilia. Alimngoja afike, akampa maziwa, akamngoja anywe.

"Nimemwona," alisema Kaika. "Ana watoto wawili. Mkubwa ana meno kama yako. Nilipomwambia, aliketi chini pale pale shambani kwao. Kisha aliniuliza swali moja."

"Swali gani?"

"Alisema, nyumba ya mama iko upande gani wa lango?"

Nosim alifunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika, na kwa muda Cresensia hakujua kama analia au anacheka. Alipoifungua mikono alikuwa anafanya yote mawili.

"Mwambieni hakuna lango," alisema. "Ashuke tu na njia. Atafika mlangoni."

"Nilikwisha kumwambia," alisema Kaika. "Amesema mwezi ukiandama ataanza safari. Mume wake mwenyewe atamsindikiza."

Mwezi uliandama. Gari la kumrudisha Cresensia Arusha lilifika asubuhi moja, na dereva alimkuta ameketi kwenye jiwe la Nosim. Cresensia alimwomba asubiri. Dereva alilalamika kuhusu barabara na matope, kisha alipoletewa chai akanyamaza, akaketi naye.

Nosim alikuwa amekwisha kufukiza vibuyu vya maziwa kwa mkaa wa oloirien, ule mti unaoyapa maziwa harufu tamu, na kuvipanga karibu na kitanda. Kitanda alikijenga kipana, cha kulaza watu wanne. Alikuwa amepaka mafuta kichwani, shanga zake zote zimo shingoni. Alitoka, akasogea, akamwashiria Cresensia asogee kidogo, wakaketi pamoja juu ya jiwe lile lisilotosha wawili.

Nyuma yao bwawa lilikuwa limejaa, maji yamefika hadi kwenye nyasi, na ndege weupe wametua juu yake. Hawakuligeukia. Seenoi naye alikuja akasimama nyuma yao, mkono juu ya macho.

"Lile ni vumbi au ukungu?" aliuliza.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vumbi lingetoka wapi? Lakini hakuna aliyemjibu hivyo. Juu kabisa, njia inapokatiza kilima, kulikuwa na kitu kinachosogea.

"Ng'ombe," alisema dereva.

"Nyamaza," alisema Nosim, akaushika mkono wa Cresensia, akaendelea kutazama.